Kibuyu Golini

Ninyi cheka tu. Siku hizi mnawapeleka watoto mpirani na soksi na viatu, mnakaa pembeni mnatafuna karanga, mtoto akiangushwa mnapiga ukunga kama kavunjika mgongo. Mimi mpira nusura unitoe roho. Na kama mnataka kujua kwa nini siwezi kukaa pale uwanjani na wenzangu nikatulia, nyamazeni niseme, na asinikatize mtu.

Jina langu ni Mbuke, lakini kule kambini hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa Mama Kulwa, kwa sababu nilizaa mapacha wa kiume, Kulwa akatangulia na Doto akafuata. Mume wangu, Bujiku, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Anaingia chini honi ya asubuhi ikilia, anatoka jioni mweupe kwa vumbi la mawe hata nyusi huzioni. Tulitoka upande wa Shinyanga tukaja kukaa kwenye vyumba vya kambi, ukuta kwa ukuta na Wahaya, Waha, Wanyamwezi, Wazinza, watu wa kila dini na kila kabila. Wala sikuwa mwanamke wa kunyamaza. Ukinichokoza kisimani, utarudi nyumbani na ndoo tupu.

Mwaka ule wa arobaini na tisa mvua iligoma. Nyumbani Shinyanga mtama ulikauka haujatoa hata suke, ng'ombe wakawa wanaangukia njiani kwenda majini. Pale kambini tulikuwa na posho ya mgodi, lakini nayo ikapunguzwa. Juu ya njaa ikaja surua. Wanangu wote wawili wakalala kitanda kimoja, wana miaka minane, macho mekundu, wanakohoa kwa zamu. Doto akaamka. Kulwa hakuamka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Kwetu pacha haliliwi. Mtoto mwingine akifa utajigaragaza mavumbini, utajipiga kifua, hakuna wa kukusema. Pacha, hapana. Ukimlilia unamwita mwenzake amfuate. Bibi yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake: unatafuta kibuyu kizuri chenye shingo, unakipaka mafuta, unakivisha shanga nyeupe za yule aliyeondoka, kinakuwa ndiye yeye. Kinalazwa ubavuni pa mwenzake. Kinaandaliwa chakula. Ukikisahau, au kikivunjika, aliyebaki naye anaondoka. Basi nikafanya vile vile. Nilimzika mwanangu macho makavu, wanawake wa kambi wakanong'ona kwamba nina roho ya mamba. Wanong'one wapasuke! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa na mmoja aliyebaki ambaye machozi yangu yangemuua.

Doto naye nilimkataza kulia. Akatii. Akatii kupita kiasi, mpaka nikatamani angekuwa mtukutu nimchape. Aliacha kulia, akaacha kusema, akawa anakaa mlangoni kutwa na kibuyu mapajani, anakipangusa vumbi kwa kiganja. Nikimpa michembe, vile viazi tunavyokata na kukausha juani, anakivunja kipande katikati, nusu anaiweka mbele ya kibuyu. Halafu anakaa anaingojea ile nusu iliwe. Hailiwi, naye hali.

"Kula, mwanangu," namwambia.

"Kulwa hajashiba."

Hilo tu ndilo neno alilobaki nalo. Mikono yake ikawa fito. Mbavu unazihesabu ukiwa upande wa pili wa uwanja. Nikimnyang'anya kibuyu ale, namuua. Nikimwachia kibuyu, namwona anakufa mbele ya macho yangu kidogo kidogo. Niambieni ninyi wenye akili, mngefanyaje?

Bujiku siku moja alirudi kutoka mgodini, akaona ile michembe imepangwa mbele ya kibuyu na kuku wa jirani anaidonoa. Akatupa kofia yake chini.

"Mbuke, tunalisha kibuyu, na mtoto anakufa."

"Kivunje basi! Kama wewe ni mwanamume, kichukue ukivunje!"

Alikitazama. Alikitazama sana. Halafu akaokota kofia yake, akatoka nje akakaa kwenye jiwe, akakunja mikono. Na yeye ni Msukuma kama mimi. Nilimwona mabega yanatetemeka, nikamfuata nikamwambia kwa ukali, "Usithubutu kulia, Bujiku. Usithubutu." Akajifuta uso kwa vumbi lake lile lile.

Pale kambini kulikuwa na shule ndogo, na mwalimu wake aliitwa Donatus, kijana wa Kisumbwa kutoka upande wa Ushirombo, mwembamba, mpole, kaptula yake imepigwa pasi kila siku ya Mungu. Alipata mpira wa ngozi, mpira kwelikweli, akawakusanya watoto wadogo wa kambi akawa anawafundisha. Kabla ya hapo walikuwa wanapiga matambara yaliyofungwa kamba, hakuna kushinda wala kushindwa, giza likiingia kila mtu kwao. Kulwa wangu ndiye aliyekuwa golikipa. Yule mtoto alidaka kila kitu, hata kuku aliyekimbia kisu alimdaka hewani. Doto alikuwa anacheza mbele, pembeni kushoto, na kila akikosa goli anageuka nyuma kumtazama mwenzake.

Jioni moja akaja Marcel, mtoto wa jirani yangu Euphrasia, yule Mhaya. Marcel alikuwa ndiye nahodha, miaka kumi, kichwa kikubwa na maneno mengi.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Jumamosi tunacheza na shule ya mtemi. Tumepungukiwa. Mwalimu anasema Doto aje, halafu mimi nitakaa golini."

Doto akainua kichwa. "Golikipa ni Kulwa," akasema.

Marcel akanitazama mimi, kisha akatazama kibuyu. Mwanangu alikuwa ametoa neno jingine. Neno jipya! Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimezama mpaka shingoni. Nikasema bila kufikiri, "Ndiyo. Golikipa ni Kulwa. Waambie wenzako, Kulwa atakuja Jumamosi."

Nikaenda. Mchana, jua linachoma, nimebeba kibuyu kwenye kitenge mgongoni kama mtoto, Doto ananifuata. Uwanja ulikuwa kando ya lile lundo la mchanga wa mawe yaliyosagwa, hauoti hata jani, na kinu cha mgodi kinatwanga nyuma yake bila kupumzika. Nikapita katikati ya watu, nikakiweka kibuyu katikati ya milingoti miwili, nikakizungushia mawe madogo kisiyumbe. Mwalimu Donatus akaja mbio mbio, kipenga kinamrukaruka kifuani.

"Mama Kulwa, samahani. Hiki ni nini?"

"Golikipa."

"Mama, wachezaji ni kumi na moja, na..."

"Hesabu basi! Watoto kumi na huyu. Wewe si mwalimu? Umeshindwa kujumlisha?"

Akamtazama Doto. Nadhani aliona zile mbavu. Akaenda kupuliza kipenga.

Wale watoto wa shule ya mtemi walikuwa Wasukuma watupu. Wakakimbia na mpira mpaka mbele ya goli letu, wakaziona shanga nyeupe, wakasimama kama wamefika ukingo wa shimo. Mmoja akaupiga mpira nje makusudi. Mwingine mama yake alimwita kutoka pembeni, "Wee! Ukimgusa huyo, usirudi kwangu!" Hakuna aliyethubutu. Watoto wetu wakafunga, wakashinda, wakabebana mabegani. Na jioni ile Doto alikula nusu yake yote, bila kuingoja ile nusu nyingine. Ni nusu tu, lakini alikula. Nilikaa nje nikajishika kichwa kwa furaha. Nikasema, nimepata dawa.

Basi ikawa hivyo. Kila walipocheza, nikapeleka kibuyu, na kila waliokuja walikuwa watoto wa vijiji vyetu, na wote walijua. Timu ya kambi haikufungwa hata goli moja. Wanawake walioniita mamba sasa wananisalimia kwanza. Nilitembea kifua mbele, niseme nini. Ila mwalimu Donatus hakufurahi, na siku moja akanifuata kisimani.

"Mama Kulwa, shikamoo. Nina neno, usinikasirikie."

"Marahaba. Nitakasirika nikilisikia."

"Hawa watoto hawajifunzi. Hakuna anayewapiga shuti. Hawajawahi kuokota mpira nyavuni mwao wakauweka katikati wakaanza upya. Siku watakapofungwa, wataanguka wote kama ukuta wa tope. Na Doto. anakonda, mama. Namwona anavyokimbia. Anachoka kabla ya wenzake hawajatoa jasho."

Ala! Nilimtukana. Nilimtukana mpaka wanawake wakawaziba watoto masikio. Nikamwambia yeye hana mke wala mtoto, hajui hata kumpangusa mtoto kamasi, aniache. Akainamisha kichwa akaondoka, kaptula yake imepigwa pasi vile vile. Na kilichoniuma si maneno yake. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Doto alikuwa anakula siku ya mpira tu, tena nusu. Siku nyingine zote anavunja kipande, anaweka, anangojea. Ile dawa yangu ilikuwa imegota hapo. Usiku namsikiliza pumzi zake nikiogopa kulala, asubuhi namgusa mguu kuona kama una joto. Nilikuwa nimekwisha, nawaambia. Nilikuwa nampenda mtoto wangu mpaka nikamchukia kwa kunitesa hivyo.

Ndipo wakaja watoto wa shule ya misheni kutoka upande wa ziwani. Walikuja kwa lori, wanaimba, wamevaa shati za rangi moja. Kulikuwa na Wazinza na Wakerewe, na wengine wametoka mbali kabisa sijui wapi. Marcel alipowaona jinsi walivyo wakubwa akarudi nyuma. Nikaweka kibuyu changu golini kama kawaida, nikakipangusa, nikasema nacho kidogo. Nahodha wao, jitu la mtoto lenye mapaja kama michi, akaja akakitazama.

"Mama, hiki kibuyu cha maji? Mbona kimewekwa golini?"

"Si cha maji. Ni mwanangu."

Hakucheka, nasema kweli. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwa wenzake. Lakini kwao kibuyu ni kibuyu. Kipenga kilipolia walikuja na mpira mpaka langoni, na hawakusimama. Yule jitu akaupitisha kando ya kibuyu polepole, kwa adabu, ukaingia.

Mngewaona wetu! Walisimama kama ng'ombe waliopotelewa na mchungaji. Marcel akashika kiuno. Mmoja akauliza, "Sasa inakuwaje?" Mwalimu Donatus akapiga kelele, "Chukueni mpira, wekeni katikati!" Hakuna aliyekwenda kuuchukua, mpaka watoto wa misheni wenyewe wakauokota wakawaletea. Ukaingia wa pili, na wa tatu. Wetu wakaanza kugombana, huyu anamsukuma huyu, mmoja akaketi chini akasema hachezi tena. Na Doto wangu, kule mbele kushoto, kila goli likiingia anageuka kutazama nyuma. Kila mara uso wake ulizidi kupungua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, yanatosha, wapige kipenga watu waende zao.

Halafu mtoto mmoja wao, si yule jitu, ni kadogo tu, kaliupata mpira mbele ya goli kakaupiga kwa nguvu zake zote.

Mlio wake sijausahau. Kibuyu kilipasuka vipande, shanga zikatawanyika mchangani, mpira ukaenda ukatulia katikati ya vipande.

Sijui niliingiaje uwanjani. Nilijikuta nimemshika Doto, nimepiga magoti, nimemwekea kiganja kifuani nisikie kama moyo bado unapiga, nikingoja macho yamgeuke. Watu wameingia, Euphrasia anapiga ishara ya msalaba, kale katoto kalikopiga mpira kanasema, "Sikujua, mama, sikujua." Nilikuwa napiga kelele, "Usiende! Doto, usiende! Kaa hapa!" Na yeye amesimama tu, haanguki. Ananitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Tusimamishe mchezo," mwalimu Donatus akasema. "Tusimamishe, watu waende."

Doto akatoa mkono wangu kifuani pake. Akaenda golini taratibu. Akachuchumaa, akavitazama vile vipande, akavigusa kwa kidole. Nikaona mgongo wake ule uliobaki mifupa, nikasema sasa, sasa ndiyo anaanguka. Kisha akauchukua mpira. Akautia kwapani, akatembea nao, akatupita sote, mpaka katikati ya uwanja, akauweka chini.

Marcel akamfuata. "Na golini atakaa nani?"

"Mimi."

"Na Kulwa je?"

Nikataka kumziba mdomo huyu Marcel na kichwa chake kikubwa. Doto akafikiri kidogo, kama mtoto anayeulizwa hesabu darasani.

"Kulwa amekufa," akasema.

Tangu siku ile ya mazishi hakuna mtu aliyekuwa amelitamka neno hilo nyumbani kwangu. Si mimi, si baba yake. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyelitamka, mchana kweupe, mbele ya watu wa makabila yote. Euphrasia na mwanamke mwingine wakanikokota mpaka pembeni, na kipenga kikalia.

Mnadhani tulishinda? Ninyi mmezoea hadithi. Tulifungwa jamani, tulifungwa mpaka aibu. Doto alikuwa hajui kudaka, alikuwa mtoto wa mbele, tena hana nguvu hata ya kushika kikombe. Mpira unapita juu yake, unapita chini yake, unampiga begani unaingia naye. Kila anapoanguka mimi nasema basi, ndiyo hiyo, huyo hainuki. Nikang'ata ncha ya kitenge mpaka ikatoboka. Naye anainuka. Anainuka vibaya, kwa mikono kwanza, kama ndama aliyezaliwa leo, anauchukua mpira kwapani, anaupeleka katikati. Ule mmoja aliuzuia kwa uso. Damu ikamtoka puani, mpira ukarudi, wakaupiga tena ukaingia. Akajipangusa damu kwa shati, akauchukua, akaupeleka katikati.

"Doto, acha!" nikapiga kelele. "Acha, mwanangu, inatosha!"

Hakunisikia, au alijifanya hanisikii. Akamgeukia yule aliyekuwa amekataa kucheza, akamwambia, "Inuka. Zamu yetu kuanza." Yule mtoto akainuka. Kisha ikawa goli likiingia, Marcel anakimbia yeye kuuchukua mpira, siku nyingine, samahani, mara nyingine wanakimbia wawili wanagombania nani aubebe. Hawakuwa wanacheza vizuri. Hawakupata hata goli la kufutia machozi. Lakini waliacha kugombana, na hakuna aliyeketi tena chini mpaka kipenga cha mwisho.

Kipenga kilipolia, ndipo wakaanza kulia. Wote. Marcel ndiye aliyeanza, mdomo wazi kabisa, kisha wenzake, watoto tisa wamesimama kwenye mchanga ule wanalia kwa sauti. Na Doto naye akalia. Mwanangu niliyemkataza! Nilimrukia nikamziba kinywa kwa kiganja changu. "Nyamaza! Nyamaza, utakufa!" Machozi yake yakanichuruzikia vidoleni, ya moto, pamoja na damu ya pua. Akanishika mkono akauvuta chini, na sijui nguvu ile aliitoa wapi.

"Niache nilie, mayu," akaniambia. Mayu ndiyo mama, kwetu. "Tumefungwa."

Mwalimu Donatus alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunikumbusha maneno yake ya kisimani. Angethubutu ningemrarua ile kaptula. Alisema tu, "Mwache, mama," naye mwenyewe macho yake si makavu. Nikamwacha. Akalia kilio kirefu, nami nikasikia kabisa kwamba hakikuwa cha mpira. Labda kilianza kwa mpira. Katikati alikuwa anamlilia mwenzake, na mwisho alikuwa analia tu kwa kuchoka. Nikakaa chini kando yake nikingoja afe. Nasema ukweli wa Mungu, nilikaa pale nikingoja mwanangu afe.

Hakufa. Alikaukiwa machozi, akapenga kamasi, akamwuliza Marcel, "Jumamosi tunacheza na nani?"

Tukaondoka. Sikuokota vile vipande wala zile shanga. Sikuwa na nguvu ya kuinama. Tulipofika pale njia inapozunguka lundo la mchanga, Doto akasema ana njaa. Sikusikia vizuri, nikamwambia rudia. "Nina njaa, mayu." Nikafungua pindo la kitenge, kulikuwa na kipande kimoja cha michembe, kikavu, nilichokuwa nimemwekea. Akakichukua, akakivunja katikati kama siku zote. Nikasimama. Nikamtazama mkono wake, nikingoja ainame aiweke ile nusu chini.

Ile nusu moja akaitia kinywani. Ile nyingine akaninyooshea.

"Kula wewe, mayu. Nawe hujala."

Kweli sikuwa nimekula. Sikumbuki ni tangu lini. Niliishika ile nusu ya Kulwa mkononi mwangu, nikaona hakuna tena wa kuwekewa. Nililia jamani. Nililia kwa sauti, nikaliita jina lake, Kulwa, Kulwa wangu, golikipa wangu, njia nzima, sikujali mwiko wala mababu. Na Doto, badala ya kuogopa, akanishika kidole akawa anatembea kando yangu huku anatafuna.

"Lia tu," akaniambia. "Sisi tulilia, kisha tukanyamaza."

Watu wakatoka milangoni kutazama. Bujiku alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, ametoka mgodini sasa hivi, hata hajanawa. Akanisikia nalitaja lile jina, akasimama, akamwona Doto mzima, ana damu puani na michembe mdomoni. Akafunika uso kwa mikono yake miwili yenye vumbi, na mimi sikumkataza.